Joseph Merrick: Maisha ya Mtu Aliyeitwa Ndovu

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliposema hujafa hujaumbika. Methali hii, ambayo aghalabu hutumiwa kuwaonya wanaomcheka mlemavu, yamfaa sana yeyote anayetaka kuyaelewa maisha ya Joseph Carey Merrick, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeishi miaka 27 pekee na kujulikana ulimwenguni kwa jina la Mtu-Ndovu. Alizaliwa akiwa mtoto mwenye afya, asiye na dosari yoyote iliyoonekana. Alipoaga dunia, kichwa chake kilikuwa kizito kiasi kwamba hakuweza kulala chali kama watu wengine. Baina ya siku hizo mbili alitazamwa na wachuuzi, walevi, wapasuaji, waigizaji na hata mke wa mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza.

Wengi wameyasimulia mateso yake. Jambo ambalo halijasimuliwa vya kutosha ni jinsi ngozi yake ilivyosomwa vibaya. Jamaa zake waliisoma kama alama ya kioja kilichompata mama yake. Watu wa maonyesho waliisoma kama bidhaa. Nao matabibu, kwa zaidi ya miaka 70, waliisoma kama dalili ya ugonjwa wa kurithiwa ambao yamkini hakuwa nao. Kosa hili la mwisho halikumdhuru yeye, maadam alikuwa amekwisha kufa. Liliwadhuru wengine.

Kuzaliwa na Malezi

Merrick alizaliwa tarehe 5 Agosti 1862 katika mji wa Leicester, mji wa viwanda ulioko katikati ya Uingereza. Wazazi wake, Joseph Rockley Merrick na Mary Jane Potterton, walikuwa watu wa kawaida. Baba alikuwa kibarua wa viwandani ambaye baadaye alifungua duka dogo la nyuzi, vifungo na vifaa vingine vya ushonaji. Mama alikuwa mcha Mungu aliyefunza watoto katika shule ya Jumapili.

Katika miaka ya mwanzo ya utoto wake, mabadiliko yalianza kujitokeza. Ngozi yake ilianza kuwa nene na yenye mikwaruzo. Midomo ikavimba, nundu ya mfupa ikachomoza kwenye paji la uso, na mkono wa kulia pamoja na miguu yote miwili ikaanza kukua kupita kiasi. Ajabu ni kwamba mkono wa kushoto haukuguswa kamwe na maradhi hayo. Ulibaki mwembamba na laini hadi siku ya kufa kwake. Kana kwamba hayo hayakutosha, alianguka akaumia nyonga ya kushoto, jeraha likaingia maradhi, naye akawa mchechemeaji wa maisha.

Jamaa zake walikuwa na maelezo yao. Ilisemekana kwamba mama yake, alipokuwa mjamzito, alisukumwa na umati wa watu hadi karibu na miguu ya ndovu katika maonyesho ya wanyama, na kwamba hofu aliyoipata ndiyo iliyouchapa mwili wa mtoto tumboni. Imani kuwa mshtuko wa mama mjamzito hujichora kwenye kiumbe alichobeba ilikuwa imeenea sana Ulaya nyakati hizo, hata miongoni mwa baadhi ya wasomi. Merrick mwenyewe aliiamini hadi mwisho wa uhai wake. Ni wazi kuwa maelezo hayo yalimpa jibu la swali lililomkera. Hata hivyo, yalimtwika mama yake lawama isiyomstahili.

Mama huyo ndiye aliyekuwa ngao yake. Alipofariki mwaka wa 1873, Joseph alikuwa na umri wa miaka 10. Baba hakukawia kuoa mwanamke mwingine, mjane aliyekuwa na watoto wake, na katika nyumba hiyo mpya mvulana huyo hakupata nafasi. Kama wasemavyo Waswahili, mama wa kambo si mama.

Kutafuta Riziki

Alipotimu miaka 13 hivi, aliacha shule na kuajiriwa katika kiwanda cha kusokota sigara. Alifanya kazi hiyo kwa takriban miaka miwili, hadi mkono wake wa kulia ulipokuwa mzito mno kwa kazi inayohitaji vidole vyepesi. Baba yake akamtafutia leseni ya uchuuzi ili autembeze mlango kwa mlango ushonaji wa duka lao. Biashara haikutoka. Waliofungua milango waliifunga papo hapo kwa woga, na barabarani umati ulimfuata kumkodolea macho. Usemi wake nao ulikuwa umeharibika kwa sababu ya uvimbe wa mdomo, hivi kwamba wateja hawakumwelewa. Siku ambazo hakufikisha mauzo alirudi nyumbani kupigwa na kunyimwa chakula, na hatimaye akaondoka kabisa.

Mtu mmoja alimpokea, naye ni ami yake Charles Merrick, kinyozi wa hapo Leicester. Alimhifadhi kwa muda, ila ami huyo alikuwa na familia changa ya kulisha, na leseni ya Joseph ya uchuuzi haikutolewa upya. Mwishoni mwa Desemba 1879, akiwa na umri wa miaka 17, alijipeleka mwenyewe kwenye nyumba ya maskini ya mji huo.

Nyumba za maskini za Uingereza ya wakati ule hazikuwa mahali pa hisani. Zilikusudiwa kuwa ngumu ili mtu asizikimbilie ila awe amekosa njia nyingine. Wagonjwa, wazee, wendawazimu na wasio na ajira walichanganywa humo na kupewa kazi za kuchosha. Merrick alijaribu kutoka baada ya wiki kadhaa, akakosa kazi, akarudi. Alikaa humo kwa jumla ya miaka minne hivi. Katika kipindi hicho uvimbe wa mdomo wa juu ulikua hadi ukamzuia kula na kuzungumza, ikambidi kufanyiwa upasuaji hospitalini na sehemu kubwa ya nyama hiyo ikakatwa.

Maonyesho ya Whitechapel

Mnamo mwaka wa 1884, Merrick aliamua jambo ambalo wasimulizi wengi hulipuuza. Hakutekwa wala hakuuzwa. Alimwandikia Sam Torr, mwenye ukumbi wa burudani, akapendekeza yeye mwenyewe aonyeshwe kwa malipo. Maadamu watu walikuwa wakimkodolea macho bure, aliona heri wamtazame kwa fedha kuliko kurudi katika nyumba ya maskini. Hivyo ndivyo jina la Mtu-Ndovu lilivyozaliwa.

Baada ya kuzungushwa katika miji kadhaa, alifika London chini ya usimamizi wa Tom Norman, ambaye alikodi duka tupu katika Barabara ya Whitechapel, mkabala na Hospitali ya London. Wanafunzi wa udaktari walivuka barabara kumtazama, kisha akaja mpasuaji kijana, Frederick Treves. Treves alimwalika hospitalini, akampima na kurekodi matokeo: kichwa chake kilikuwa na mzingo wa sentimita 91 hivi, kifundo cha mkono wa kulia sentimita 30, na kidole kimoja sentimita 13. Ngozi ya mgongoni na ya makalio ilining'inia kwa mikunjo mizito, huku ikiwa imefunikwa na vivimbe vilivyofanana na maua ya koliflawa.

Mnamo Desemba 1884 Treves alimpeleka mbele ya chama cha wanapatholojia cha London. Merrick alisimama uchi mbele ya wataalamu hao huku maumbile yake yakijadiliwa. Inasemekana kwamba alikataa kurudi kwa ziara nyingine kwa kuwa alijihisi kama mnyama katika soko la ng'ombe. Dukani, angalau, alilipwa.

Miaka mingi baadaye Treves aliandika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka wa 1923, na humo akamchora mwenye maonyesho kuwa mtu katili. Norman alieleza kinyume: kwamba waligawana mapato sawa na kwamba Merrick aliweka akiba. Watafiti wa baadaye wameona kwamba maelezo ya Treves hayakuwa sahihi katika kila jambo. Hata jina alilikosea, kwani alimwita John badala ya Joseph, na kosa hilo likarithiwa na tamthilia ya mwaka wa 1977 na filamu mashuhuri ya mwaka wa 1980.

Polisi wa Uingereza walipoanza kuyafunga maonyesho ya aina hiyo, Merrick alipelekwa bara Ulaya. Huko Ubelgiji msimamizi wake mpya alimwibia akiba yake yote, takriban pauni 50, akamtelekeza. Alijikongoja peke yake hadi London, akafika katika stesheni ya Liverpool Street mnamo Juni 1886, umati ukimzonga, asiweze kueleza shida yake. Mfukoni alikuwa na kitu kimoja tu cha kumfaa: kadi ya Treves. Polisi walimwita daktari, naye akaja kumchukua.

Maisha Hospitalini

Hospitali ya London haikuruhusiwa kuwaweka wagonjwa wasioweza kutibika. Mwenyekiti wa kamati yake, Francis Carr Gomm, aliandika barua katika gazeti la The Times mnamo Desemba 1886 akiwaomba wasomaji ushauri na msaada. Kidole kimoja hakivunji chawa. Michango iliyomiminika ilitosha kumtunza Merrick maisha yake yote bila kugusa fedha za wagonjwa wengine. Alipewa vyumba viwili katika orofa ya chini, na kwa agizo la Treves hakukuwekwa kioo humo.

Hapo ndipo akili yake ilipoanza kuonekana. Treves, ambaye awali alidhani kwamba mtu huyu alikuwa punguani, aligundua kuwa alisoma vitabu kwa hamu, aliijua Biblia vyema na aliandika barua kwa lugha safi. Kwa mkono wake wa kushoto, ule uliosalimika, aliunda mifano ya majengo kwa karatasi ngumu. Mmojawapo, mfano wa kanisa kuu, alimzawadia mwigizaji Madge Kendal aliyemchangia fedha, na umehifadhiwa hadi leo.

Kuna tukio ambalo Treves hakulisahau. Alimwomba mjane mmoja kijana, Leila Maturin, aingie chumbani, atabasamu na kumpa Merrick mkono. Baada ya kushikana mikono, Merrick aliinamisha kichwa magotini akalia kwa kwikwi. Tangu afiwe na mama yake, alikuwa amezoea kuona wanawake wakimkimbia. Baada ya hapo wageni waliongezeka. Mnamo Mei 1887, Alexandra, mke wa mrithi wa kiti cha ufalme, alimzuru, akampa mkono na kumpa picha yake, kisha akawa akimtumia kadi kila Krismasi. Alipelekwa pia katika ukumbi wa tamthilia wa Drury Lane, akaketi mahali alipofichika, na kwa wiki nyingi akazungumza juu ya wahusika kana kwamba walikuwa watu halisi. Majira ya joto alipumzika mashambani Fawsley, akachuma maua ya porini na kuyakausha.

Kifo Chake

Kwa sababu ya uzito wa kichwa, Merrick alilala ameketi, magoti yamekunjwa na kichwa kimeegemezwa juu yake. Mnamo tarehe 11 Aprili 1890 alikutwa kitandani amelala kwa kunyooka, amekwisha kufa. Uchunguzi ulisema alikufa kwa kukosa pumzi. Treves aliamini kuwa alijaribu kulala kama watu wengine, kichwa kikarudi nyuma na kuivunja shingo. Kiunzi cha mifupa yake kilihifadhiwa katika chuo cha hospitali hiyo. Alikuwa hana mke wala mtoto; dada yake aliyebaki, ambaye pia alikuwa na ulemavu, alifariki mwaka uliofuata.

Utata wa Ugonjwa Wake

Alipokuwa hai, hakuna tabibu aliyeweza kuupa ugonjwa wake jina la kuridhisha. Mnamo mwaka wa 1885, mtaalamu wa ngozi Henry Radcliffe Crocker alidokeza kwamba huenda chanzo kilikuwa katika mfumo wa neva. Dhana hiyo haikuzuka hivi hivi. Miaka mitatu awali, mwaka wa 1882, mwanapatholojia Mjerumani Friedrich von Recklinghausen alikuwa amechapisha kitabu kinachoonyesha kwamba vivimbe laini vinavyotapakaa kwenye ngozi ya baadhi ya watu huanzia katika neva zilizo chini yake. Ugonjwa huo leo huitwa nyurofibromatosisi ya aina ya kwanza. Mwaka wa 1909, tabibu Frederick Parkes Weber alitangaza kuwa Merrick alikuwa nao, na wengi wakakubali.

Nyurofibromatosisi ni sindromu ya kurithiwa. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 3,000, na chanzo chake ni hitilafu katika jeni iliyo kwenye kromosomu ya 17, jeni iliyotambuliwa mwaka wa 1990. Mzazi mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuipitisha kwa kila mtoto amzaaye. Hata hivyo, msemo kuwa maji hufuata mkondo hautoshi hapa, kwani karibu nusu ya wagonjwa huwa wa kwanza katika ukoo wao. Hitilafu huzuka upya kwao. Ndiyo maana ukosefu wa wagonjwa wengine katika ukoo wa akina Merrick haukuwazuia matabibu kushikilia dhana yao.

Walichopaswa kukiangalia ni ngozi yenyewe. Mwenye nyurofibromatosisi huwa na mabaka ya rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, aghalabu sita au zaidi, ambayo huanza kuonekana utotoni. Huwa na madoadoa kwapani na kinenani, vivimbe vidogo katika sehemu ya jicho yenye rangi, na baadaye vivimbe laini vya neva kwenye ngozi. Katika maelezo ya Treves, mabaka hayo hayakutajwa. Kilichotajwa ni ngozi nene ya miguuni, mifupa mikubwa ya upande mmoja kuliko mwingine, fuvu lenye nundu na mkono mmoja uliosalimika kabisa.

Mnamo mwaka wa 1986, Wakanada wawili, Tibbles na Cohen, walionyesha kwamba dalili hizo zililingana zaidi na ugonjwa mwingine uliokuwa umepewa jina miaka mitatu tu awali, yaani Sindromu ya Proteus. Mwaka wa 2011 chanzo chake kilijulikana: badiliko katika jeni iitwayo AKT1, linalotokea katika seli moja ya kiinitete baada ya mimba kutungwa. Seli zinazotokana na hiyo hukua bila kiasi, huku jirani zake zikikua kama kawaida. Kwa hivyo sehemu moja ya mwili huharibika na nyingine ikasalimika, kama mkono wa kushoto wa Merrick. Badiliko hilo halirithiwi kutoka kwa mzazi, na ugonjwa huu humpata mtu chini ya mmoja kati ya milioni. Mifupa ya Merrick imechunguzwa ili kupata uthibitisho wa jeni, lakini majaribio hayo hayakutoa jibu la kukata, kwa kuwa mifupa hiyo ilipaushwa mara nyingi kwa dawa.

Madhara ya Kosa Hilo

Huenda msomaji akajiuliza kuna tofauti gani iwapo marehemu aliitwa jina hili au lile. Tofauti ni kubwa. Kwa miongo mingi nyurofibromatosisi iliitwa ugonjwa wa Mtu-Ndovu. Mzazi aliyeambiwa kuwa mtoto wake mwenye mabaka machache ya kahawia ana ugonjwa huo aliiona picha ya Merrick mbele ya macho yake. Vijana waliogopa kuoa na kuolewa. Ilhali ukweli ni kuwa wengi wenye nyurofibromatosisi huishi, husoma na hufanya kazi kama wenzao, na hakuna hata mmoja anayegeuka kuwa kama Merrick.

Woga huo pia ulifunika tahadhari iliyo ya kweli. Mwenye nyurofibromatosisi anahitaji kufuatiliwa na daktari maishani, kwani takriban mmoja kati ya kumi hupata saratani katika ala za neva, na uvimbe unaokua ghafla au unaouma unapaswa kuchunguzwa upesi. Wanawake wenye ugonjwa huo nao wanahitaji kuanza uchunguzi wa saratani ya matiti mapema kuliko wenzao. Wala si ugonjwa huu pekee unaojitangaza kupitia ngozi. Mnamo miaka ya 1967 na 1968, Muir na Torre walieleza kila mmoja kivyake kuhusu wagonjwa waliokuwa na vivimbe adimu vya tezi za mafuta za ngozi pamoja na saratani za ndani. Leo inajulikana kwamba vivimbe hivyo vyaweza kuwa dalili ya hitilafu ya kurithiwa inayoleta saratani ya utumbo mpana, hivyo kuvitambua kwa mtu mmoja kwaweza kuwaokoa ndugu zake.

Hitimisho

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Maisha ya Merrick yanaithibitisha methali hii kwa njia mbili. Kwanza, utu wake ulifichika nyuma ya mwili uliowatisha watu, hadi walipotokea wachache waliokubali kuketi naye. Pili, ugonjwa wake ulifichika nyuma ya jina ambalo wataalamu walilikubali pasi na kuzirejelea dalili zenyewe.

Wanafunzi wa lugha wana la kujifunza hapa pia. Katika Kiswahili, maneno kama kilema, kiwete na kipofu yamebeba kiambishi cha ngeli ya vitu, na ndiyo sababu siku hizi wengi hupendelea kusema mlemavu au mtu mwenye ulemavu. Jina la Mtu-Ndovu lilianza na mtu lakini likaishia kwa mnyama, na sehemu ya pili ndiyo iliyokumbukwa. Daktari aliyemtunza kwa miaka minne alimwandika kwa jina lisilo lake. Jina alilopewa na mama yake lilikuwa Joseph, na kwa mkono wake wa kushoto ndilo alilotia sahihi katika barua zake.